VS, VSOP, XO au namba 12? Kuchagua brandi kwa kusoma lebo

Ijumaa moja jioni aliingia kijana dukani akihema. Mjomba wake alikuwa anastaafu, ukoo umechanga fedha za zawadi, na yeye ndiye aliyetumwa kununua chupa. Kwa fedha aliyokuja nayo nilikuwa na chupa mbili za kumwonyesha, bei zake zimepishana kidogo tu. Ya kwanza ilikuwa konyaki ya Ufaransa iliyoandikwa VSOP. Ya pili ilikuwa brandi ya Afrika Kusini iliyoandikwa Potstill, na chini yake namba 12. Akazigeuzageuza mkononi, kisha akaisogeza karibu yake ile ya Kifaransa.

"Dada, hii ndiyo iliyokula chumvi nyingi, siyo?"

"Hapana, mdogo wangu. Hiyo sheria inaitaka miaka 4 tu. Iliyokula chumvi ni hii ya namba."

Alinitazama kana kwamba ninamwuzia mbuzi kwenye gunia. Sikumlaumu. Zile herufi zimekaa kifalme, zimepakwa rangi ya dhahabu, na kila mtu amezisikia kwenye harusi na kwenye kumbi za starehe. Namba 12 inaonekana kama namba tu. Lakini mtu asiyejua tofauti hiyo hulipia kitu akidhani amepata kingine, na mimi sipendi mteja wangu atoke na chupa ambayo haelewi ndani yake kuna nini. Kwa hiyo nitaeleza hapa kile nilichomweleza yeye, kwa kirefu zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Ukiingia baa ya Dar es Salaam ukaomba konyagi, utaletewa kinywaji cheupe cha Tanzania chenye kilevi asilimia 35. Jina lake linafanana na Cognac, lakini hakitokani na zabibu, hakikai kwenye pipa la mwaloni, na hakina umri wa kuhesabu. Ni kinywaji cha aina yake na kina wapenzi wake. Hapa nitatumia neno konyaki kwa ile inayotoka mji wa Cognac na mashamba yanayouzunguka, magharibi mwa Ufaransa, na neno brandi kwa ukoo mzima.

Umri unaotajwa ni wa nani?

Brandi ni mvinyo uliokenekwa. Zabibu zinakamuliwa, maji yake yanachachuka yanakuwa mvinyo, mvinyo unachemshwa, mvuke unapozwa, na kinachodondoka ni pombe kali isiyo na rangi. Aliyewahi kuona gongo ikipikwa anaelewa hatua hizo zote bila kuchorewa. Rangi ya asali, harufu ya vanila, ulaini kooni, hivyo huja baadaye, kutoka kwenye pipa la mwaloni. Ndiyo maana umri wa brandi ni umri wa kukaa pipani. Siku inapotiwa kwenye chupa, hesabu inasimama. Chupa ya VS iliyokaa kabatini kwa babu tangu 1995 bado ni VS ileile. Kioo hakikomazi kitu.

Jambo la pili linawapita wengi. Karibu kila brandi ni mchanganyo wa mapipa mengi, mengine machanga, mengine ya siku nyingi. Lebo haitaji wastani, na haimtaji mzee wa mchanganyo. Inamtaja mdogo kuliko wote. Ni kama familia ikiulizwa umri wake ikatoa umri wa kitindamimba: ukisikia miaka 4, ujue kaka zake wanaweza kuwa na miaka 8, 15 au zaidi, lakini hakuna aliye chini ya 4. Kwa hiyo herufi zinakupa sakafu. Dari lake anajua mchanganyaji wa kampuni. Hii ndiyo sababu VSOP mbili za nyumba, yaani kampuni, mbili tofauti zaweza kutofautiana sana mdomoni ingawa herufi ni zilezile.

Konyaki: VS dhidi ya VSOP, na VSOP dhidi ya XO

Herufi hizi ni za Kiingereza ingawa kinywaji ni cha Kifaransa, kwa sababu wanunuzi wakubwa wa zamani walikuwa Waingereza. VS ni Very Special. VSOP ni Very Superior Old Pale, jina linalosimuliwa kuanza mwaka 1817, pale mtawala mtarajiwa wa Uingereza, George IV, alipoagiza konyaki kutoka nyumba ya Hennessy. XO ni Extra Old, nayo ilianzia kwenye nyumba hiyohiyo mwaka 1870. Kwa muda mrefu zilikuwa lugha ya wafanyabiashara tu. Leo ni sheria, na anayezisimamia ni baraza la wadau wa konyaki, BNIC, lililoundwa mwaka 1946.

Hesabu yao ina utaratibu mmoja mzuri ambao nikiueleza kwa tarehe unakaa kichwani. Chukua zabibu zilizovunwa Septemba 2020. Mvinyo wake lazima uwe umekenekwa kufikia Machi 31, 2021. Aprili 1, 2021 ndiyo siku ya kuzaliwa, hesabu iko kwenye sifuri. Kuanzia hapo kila Aprili 1 inaongeza mwaka mmoja. Pombe hiyo inaweza kuuzwa kama VS kuanzia Aprili 1, 2023, ikiwa na miaka 2. Ikiachwa, inastahili kuitwa VSOP Aprili 2025, ikiwa na miaka 4. Daraja la Napoléon ni 2027, miaka 6. XO ni 2031, miaka 10. Na kuna daraja jipya, XXO, ambalo litaifikia mwaka 2035, ikiwa na miaka 14.

Hapo kwenye XO pana jambo la kuangalia. Zamani XO ilitakiwa miaka 6 tu, sawa na Napoléon. Aprili 1, 2018 sheria ikapandisha sakafu hadi miaka 10, na XXO ikaingizwa kwenye orodha mwaka huohuo. Nyumba kubwa nyingi zilikuwa tayari zinatumia pombe ya miaka mingi kuliko hiyo, kwa hiyo kwao ladha haikugeuka. Lakini ukikuta XO iliyofungwa chupani kabla ya mwaka huo, imekaa rafu ya juu kabisa ya duka, usiilipie kama ya miaka 10 kwa sababu ya herufi peke yake.

Mbali na herufi kuna maneno ya Kifaransa, nayo yamepangiwa umri. Sélection na De Luxe ni wenzake VS. Réserve na Vieux ni wenzake VSOP. Extra, Hors d'âge, Impérial na Or, yaani dhahabu, wako na XO. Kwa hiyo mtu akikuuzia konyaki ya Réserve kwa bei ya XO kwa kuwa "Réserve" imesikika nzito, umeshajua pa kumshika.

Sasa mdomoni. VS ina moto. Ukiinusa unapata matunda mabichi na kilevi kinachochoma pua, na hiyo ndiyo kazi yake: imetengenezwa iweze kusimama mbele ya barafu, soda, tangawizi au juisi isipotee. Hennessy VS inayomiminwa kwenye kumbi za Nairobi, Kampala na Kinshasa iko mahali pake pale inapochanganywa. VSOP imetulia. Moto upo, lakini mwaloni umeanza kusema: vanila, mdalasini kidogo, tunda kavu la aprikoti. Hii unaweza kuinywa tupu, au na kipande kimoja cha barafu. XO ni kitu kingine kabisa. Hapo matunda yamekauka, unakuta tini, karafuu, ngozi, na harufu fulani ya uyoga na karanga ambayo haipatikani kwa njia yoyote isipokuwa miaka.

Maoni yangu, na nimeyashikilia kwa muda mrefu: hatua ya kutoka VS kwenda VSOP inastahili kila senti kwa mtu anayekunywa bila kuchanganya. Hatua ya kutoka VSOP kwenda XO ni ya siku maalumu. Tofauti ipo, na ni kubwa, lakini bei inaruka mara kadhaa, na anayemimina soda kwenye XO amelipia miaka 10 akaifuta kwa sekunde moja.

Kwa nini inaruka hivyo? Pipa linapumua. Kila mwaka takriban asilimia 2 ya kilichomo hupotea hewani kupitia mbao. Wenyewe wanakiita fungu la malaika. Ukipiga hesabu, pipa lililokaa miaka 10 limepoteza karibu sehemu moja katika tano. Mvuke huo hulisha ukungu mweusi unaotanda kwenye kuta na mapaa ya maghala ya Cognac, kiasi kwamba mtu anaweza kujua penye ghala kwa kuangalia paa. Ongeza juu yake fedha iliyofungiwa pipani muongo mzima bila kurudisha chochote. Unaponunua XO unalipia kilichobaki pamoja na kile walichokunywa malaika.

Jambo moja zaidi kabla sijatoka Cognac: usichague kwa rangi. Karameli ya kurekebisha rangi inaruhusiwa, na sukari kidogo pia. Nimeona watu wakiinua chupa mbili kwenye taa na kuchukua ile yenye weusi zaidi wakiamini ndiyo nzee. Rangi yaweza kutoka pipani, yaweza kutoka kwenye karameli, na jicho halina namna ya kupambanua.

Armagnac: jirani asiyejulikana sana

Kusini zaidi mwa Ufaransa, eneo la Gascony, kuna brandi ya Armagnac. Herufi ni zilezile na miaka inakaribiana: VSOP miaka 4, Napoléon 6, XO au Hors d'âge 10. Tofauti iko chini, kwenye VS, ambayo huko inaanzia mwaka 1 wakati konyaki inataka 2. Konyaki hukenekwa mara mbili kwenye vyungu vya shaba. Armagnac kwa kawaida hupita mara moja tu, kwenye mtambo wa mnara, kwa hiyo inabaki na mwili mzito na harufu ya shamba. Ninaipendekeza kwa sababu moja hasa: wao wanapenda kuuza chupa za mwaka mmoja wa mavuno, na mwaka umeandikwa juu ya lebo. Ukitaka kumpa mtu zawadi yenye mwaka aliozaliwa au aliofunga ndoa, Armagnac ndiyo njia nyepesi, na mara nyingi kwa bei ya chini kuliko konyaki ya umri huohuo. Tatizo ni kuipata kwetu. Wengi huagiza kwa anayesafiri.

Afrika Kusini: hapa usisome herufi, soma neno moja

Rafu zetu za Afrika Mashariki zimejaa brandi za Afrika Kusini, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Watu wa Cape, eneo la zabibu la huko, wamekuwa wakikeneka tangu mwaka 1672, inaposimuliwa kwamba brandi ya kwanza ilitengenezwa ndani ya meli ya Kiholanzi iliyotia nanga pale ghubani. Wana sheria zao, na sheria hizo ni nzuri kwa mnunuzi, ila zimejificha kwenye maneno madogo ya lebo.

Kuna brandi ya potstill. Yote imekenekwa kwenye vyungu vya shaba, na yote imekaa kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 340 kwa miaka isiyopungua 3. Ukubwa wa pipa si jambo dogo: pipa likiwa dogo, sehemu kubwa zaidi ya pombe inagusana na mbao.

Kisha kuna brandi ya kawaida, iliyochanganywa. Humo sehemu ya potstill iliyokomaa miaka 3 inatakiwa iwe angalau asilimia 30. Iliyobaki, hadi asilimia 70, ni pombe ya zabibu kutoka mtambo wa mnara, na sehemu hiyo haidaiwi umri. Klipdrift ya kawaida, Richelieu ya kawaida na Viceroy ziko kundi hili. Richelieu ina jina la kadinali wa Kifaransa lakini ni ya Afrika Kusini, na niliwahi kumsikia mteja akimwambia mwenzake kwamba ni konyaki. Ni brandi nzuri ya kuchanganya, ilitengenezwa kwa kazi hiyo, na kwa kazi hiyo mimi naichukua kabla ya VS ya Ufaransa. Ukiweka soda ya kola juu yake, karibu hakuna atakayetambua kwamba umeokoa fedha.

Kundi la tatu linaitwa Vintage, nalo linachanganya aina zote mbili, ila kila kilichomo lazima kiwe kimekaa pipani miaka 8 au zaidi.

Tazama sasa kinachowachanganya wateja wangu kila wiki. Sheria ya Afrika Kusini inataka brandi ya kawaida iuzwe ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 43, na potstill isiyopungua asilimia 38. Mteja anageuza chupa, anaona 43 kwa hii na 38 kwa ile, anauliza, "Ipi kali?" Kisha anachukua ya 43, akiamini kali na nzuri ni kitu kimoja. Ukweli uko kinyume. Potstill imeruhusiwa kushuka hadi 38 kwa sababu ina ladha ya kujitegemea na inanywewa tupu. Ile ya kawaida imewekewa nguvu zaidi kwa kuwa inasubiri soda. Ya asilimia 38 ndiyo ghali, na inastahili.

Namba iliyo kwenye lebo ya potstill, iwe 10, 12, 15 au 20, inafuata kanuni ya kitindamimba. Van Ryn's ya miaka 12 haina tone lenye umri chini ya miaka 12. Ukiiweka kando ya konyaki ya VSOP, ambayo sakafu yake ni 4, au hata XO, ambayo sakafu yake ni 10, unaona kwa nini nilimsogezea yule kijana ile chupa ya pili. Sisemi kwamba mwaka mmoja wa Cape ni sawa na mwaka mmoja wa Cognac. Cape ni kwenye joto zaidi, zabibu ni nyingine, hasa Chenin Blanc na Colombard, wakati kule Cognac karibu yote ni Ugni Blanc. Joto huharakisha mambo pipani. Lakini ukiniuliza ni wapi mtu wa Dar, Arusha au Nairobi anapata miaka mingi zaidi kwa fedha yake, nitajibu bila kusita: potstill ya Afrika Kusini yenye namba.

Hispania, ambako umri unahesabiwa kwa namna nyingine

Brandy de Jerez hutoka Andalusia, kwenye miji mitatu: Jerez, El Puerto de Santa María na Sanlúcar de Barrameda. Mapipa yao yalikuwa na mvinyo wa sherry kabla ya kutiwa brandi, na yamepangwa kwa safu. Ya kuuza huchotwa safu ya chini, kisha safu hiyo inajazwa kutoka safu iliyo juu yake, na hiyo kutoka ya juu zaidi. Hakuna pipa linalomalizwa. Kila mara kinachoingia kinakutana na kilichokuwepo, na mabaki ya miaka mingi yanaendelea kukaa humo yakiwafunza wageni.

Kwa mpango huo kuhesabu umri ni kazi, na madaraja yao ni haya: Solera, zaidi ya miezi 6, Solera Reserva, zaidi ya mwaka 1, Solera Gran Reserva, zaidi ya miaka 3. Ukilinganisha kwa namba tupu, Gran Reserva inaonekana mtoto mbele ya VSOP. Usiamue hivyo. Kwenye glasi, Gran Reserva nzuri ina kina cha kitu cha miaka mingi, kwa sababu sehemu yake kweli ni ya miaka mingi. Ni tamu, nzito, na mtu wa pwani ataitambua mara moja: tende, zabibu kavu, halua iliyopoa. Baada ya mlo, glasi ndogo, inatosha. Asiyependa utamu abaki Ufaransa.

Nyota, na herufi zisizo na mwenyewe

Nyota ni somo fupi ila lina mitego. Kwenye konyaki, nyota tatu ni sawa na VS, yaani miaka 2, siyo mitatu. Kwenye brandi ya Armenia, kama ArArAt, nyota tatu ni miaka 3 na nyota tano ni miaka 5. Metaxa ya Ugiriki ina nyota 5, 7 na 12, lakini hiyo imetiwa mvinyo mtamu na mitishamba, kwa hiyo usiiweke kwenye mizani moja na hizi nyingine. Marekani hakuna nyota. Kanuni yao ni kwamba brandi ya zabibu iliyokaa kwenye mwaloni chini ya miaka 2 lazima ijitangaze kuwa changa.

Mtego mkubwa zaidi ni chupa inayosema French Brandy, na chini yake VSOP au XO au Napoleon, yenye bei ya kushangaza. Angalia vizuri: neno Cognac halipo. Armagnac halipo. Ile hesabu ya Aprili niliyoieleza ni ya konyaki, haiihusu chupa hii. Brandi isiyo na jina la eneo, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, inatakiwa kukaa pipani mwaka 1, au miezi 6 tu kama pipa ni la chini ya lita 1,000. Inaweza kuwa kinywaji kizuri cha kuchanganyia, na ukiinunua kwa bei ya kinywaji cha kuchanganyia hujaonewa. Ukiinunua kwa kuwa umeona XO, umeonewa na macho yako mwenyewe.

Chini kabisa ya ngazi kuna chupa zinazosema ni pombe yenye ladha ya brandi. Hiyo ni pombe kali ya kawaida iliyotiwa rangi na ladha. Herufi zozote zitakazowekwa juu yake hazina umri wa kutaja, maana hakuna pipa. Maneno hayo huandikwa madogo, kwa kawaida mgongoni. Kwa hiyo zoea kugeuza chupa. Soma kwanza jina la kinywaji, kisha eneo kilikotoka, na daraja liwe la mwisho. Na kwa kuwa chupa za bei kubwa ndizo zinazoghushiwa, kagua stempu ya kodi na mfuniko kabla hujalipa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Ukishafika nyumbani, fanya jaribio hili. Mimina kiasi cha kidole kimoja, uinuse kwa mdomo ukiwa wazi kidogo ili kilevi kisikupige. Kisha dondosha matone mawili kiganjani, usugue viganja mpaka vikauke, unuse tena. Kilevi kimekwisha kuruka, kilichobaki ni zabibu na pipa. Pombe iliyotiwa ladha itakuachia harufu ya pipi, au isikuachie kitu. VSOP itakuachia vanila. Potstill ya miaka 12 ukinawa mikono bado unaisikia kwa mbali. Glasi yake usiioshe usiku huo, inuse asubuhi.

Yule kijana nilimpa viganja vyake matone kutoka chupa mbili nilizokuwa nimezifungua kwa ajili ya wateja, kushoto VSOP, kulia ile ya 12. Alinusa kushoto, akanusa kulia, akarudi kushoto, akakaa kulia. Akauliza tu atamwambiaje mjomba, maana ukoo utategemea kuona herufi.

Nikamwuliza, "Miaka 12 iliyopita ulikuwa wapi?"

Akafikiri. "Darasa la tano."

"Basi ukimkabidhi mwambie hivi: mjomba, tone changa kuliko yote humu ndani liliingia pipani nikiwa darasa la tano."

Akayarudia maneno hayo kwa sauti ya chini mara mbili, ile ya Kifaransa akairudisha mwenyewe kwenye rafu, akaomba nimfungie hii kwenye karatasi ya zawadi.